Shaba ya Kapalamsenga na Barua za Kughushi

Kapalamsenga, kata iliyomo katika wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, inafahamika kwa shaba yake. Lakini mawe ya shaba hayamnufaishi mchimbaji mdogo mpaka apatikane mnunuzi, ambaye aghalabu yu mbali, Dar es Salaam ama ng'ambo, na kwa sababu hiyo mengi ya mapatano huandikwa kwa barua pepe. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mchimbaji mmoja apokea kwenye simu yake barua yenye anuani halisi ya kampuni anayoiuzia, isiyopungua hata nukta, ikimwarifu kuwa sampuli imefika maabara na kwamba ada ya vipimo ilipwe kabla ya saa kumi jioni. Analipa. Kampuni haikuandika barua ile, wala haina habari nayo.

Hadaa hiyo inawezekana kwa sababu kanuni za kupokezana barua pepe, ziitwazo SMTP, ambazo Jonathan Postel alizichapisha mwaka 1982, ziliwekwa zama ambazo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache zilizoaminiana, na hazikuiamuru seva inayopokea imdai mtumaji ushahidi wa jina lake; ni kama tarishi anayefikisha bahasha bila kuuliza jina lililoandikwa nyuma yake ni la nani. Walakini dalili za barua pepe kutumiwa vibaya zilikuwa zimekwisha kuonekana: tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kompyuta nchini Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo ambalo hawakuliomba, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza.

Dawa zilikuja baadaye, nazo ni tatu. Kwa SPF, mwenye kikoa hutangaza katika daftari la majina la intaneti ni seva zipi zenye idhini ya kutuma kwa jina lake; mstari wenyewe huanza kwa v=spf1 na, kwa mwenye msimamo, huishia na -all, yaani asiyetajwa hapa si wangu. DKIM ni saini ya kihesabu inayofungamana na maneno ya barua, hata tarakimu moja ya akaunti ikibadilishwa njiani saini hubatilika. Ya tatu, DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, hutaka jina analoliona msomaji liafikiane na lile lililothibitishwa na mojawapo ya hizo mbili, kisha humwambia mpokeaji afanye nini pasipo maafikiano.

Kiini cha mambo kimo katika amri hiyo ya mwisho. Mwenye kikoa akiandika p=reject, barua ya kughushi hukataliwa mlangoni; akiandika p=quarantine, hutupwa miongoni mwa barua taka; akiandika p=none, hupita salama salimini, naye huletewa taarifa tu. Wengi wamekomea kwenye none. Tangu Februari 2024 Google imewashurutisha wapelekao barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watumiaji wa Gmail wawe na zote tatu, lakini hata yenyewe huridhika na none. Naona kukomea kwenye none ni dhuluma, kwa kuwa kampuni yenye mafundi na fedha inashindwa kubadilisha neno moja, na hasara inamwangukia mtu aliyetoka shimoni na vumbi lake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo, katika kifungu cha 20, inakataza kughushi taarifa za kichwa cha barua zisizoombwa zitumwazo kwa nia ya jinai. Ila sheria humfuata mwizi baada ya wizi.

Hata p=reject haimzuii laghai anayesajili kikoa kingine kinachofanana na cha kampuni, kilichozidi herufi moja tu, kwa maana kikoa hicho ni chake kihalali na vipimo vyote atavipita. Kwa ghilba ya namna hiyo, mchimbaji anayedaiwa fedha ampigie mnunuzi kwa namba aliyokuwa nayo tangu siku ya mapatano, asitumie ile iliyoandikwa ndani ya barua.