Hadhi ya Mwalimu Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Hadhi ya mwalimu haitokani na chaki aliyoishika. Hutokana na nafasi anayopewa katika uzalishaji mali na katika maisha ya umma. Historia ya Kasulu na Kibondo inathibitisha jambo hili.

Wakati wa ukoloni, Buha ilifanywa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga wakiwa manamba. Shule zilikuwa chache, nyingi zikiwa za misheni, na mwalimu alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua kusoma barua na kupata mshahara bila kuihama nchi yao. Aliheshimiwa sana. Lakini sehemu kubwa ya heshima hiyo ilikuwa zao la uhaba: alithaminiwa kwa sababu wengine walinyimwa alichokuwa nacho.

Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, vilikusudia kuubadili msingi huo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia wananchi vijijini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya kusoma. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, wakijifunza kwa posta na redio huku wakifundisha. Asubuhi mwalimu alikuwa na watoto, jioni alikuwa na wazee wa kisomo, na shamba la shule lilimngoja.

Hapa ndipo penye ukinzani. Kazi ya mwalimu ilipanuka ikaufikia umma, lakini uhaba uliompa heshima ya zamani ulikwisha kabla heshima mpya haijajengewa msingi. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, mshahara wake ukaliwa na bei. "Mwalimu wa UPE" likageuzwa neno la dhihaka. Kijana aliyeitikia wito akabebeshwa lawama ya upungufu ambao hakuusababisha yeye. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa yalifurika, na swali lile lile likarudi.

Tunasema wazi: taifa lililomwita mwasisi wake Mwalimu haliwezi kuwaheshimu walimu kwa nyimbo peke yake. Kila tawi lijiulize. Mwalimu aliyepangwa kijiji cha mbali na barabara analala wapi? Anapoteza siku ngapi kufuata mshahara wake mjini? Katika vikao vya kijiji anatoa mawazo, au anaitwa kuandika muhtasari tu?

Mwalimu naye anao wajibu. Akikiona kijiji kuwa kituo cha kungojea uhamisho, wakulima watamwona mpita njia, na watakuwa na haki. Heshima iliyotokana na uhaba haitarudi, wala hatuna sababu ya kuililia. Inayotakiwa ni heshima ya mtu ambaye kazi yake inaonekana katika maisha ya wale anaoishi nao. Heshima hiyo hujengwa na pande zote mbili.