Maji yakigeuka mekundu kisimani, tupime kwanza



Ugomvi wa kisimani huanza kwa neno dogo. Maji yametoka kwenye pampu yakiwa safi, kesho yake chini ya bidoni kuna uchafu mwekundu, na chai imekuwa nyeusi kama wino. Mtu anasema: "Wenyeji wametutilia sumu." Au wenyeji wanasema hivyo juu ya wakimbizi.

Mara nyingi ni chuma. Chini ya ardhi, pasipo hewa, chuma huyeyuka na hakionekani. Maji yakikaa kwenye ndoo, hewa inakigeuza kuwa kutu, inatua chini. Dawa ya klorini hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Ndiyo maana watu wa afya wakitia klorini maji hubadilika rangi, nao wanalaumiwa bure.

Pikeni chai mbili kwa majani sawa, moja kwa maji ya kisima, nyingine kwa maji ya mvua. Ile ya kisima ikiwa nyeusi peke yake, shuku chuma.

Mwalimu wa kemia anaweza kuendelea kwa matone ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Mashapo ya kijani chafu, au ya rangi ya kutu, ni chuma. Ya buluu hafifu ni shaba, na ukiongeza amonia nyingi yanayeyuka, maji yanakuwa buluu nzito. Chuma hakiyeyuki hivyo. Mashapo meupe yasiwaharakishe: yaweza kuwa chokaa tu, ile inayozuia sabuni kutoa povu, lakini pia zinki au risasi. Hizi mbili soda ikizidi huyeyuka, chokaa hubaki. Soda hiyo inapofusha macho, watoto wakae mbali, na maji yaliyopimwa yamwagwe.

Tunaomba pande zote mbili ziwepo, kila upande ulete chupa yake na kumimina wenyewe. Kipimo kilichofanywa mlango umefungwa huzaa maneno mapya.

Lakini tusidanganyane. Matone haya huonyesha chuma au shaba ikiwa nyingi. Glasi isiyo na rangi haimaanishi maji ni salama. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi kuwa miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Zebaki ya wachimba dhahabu, dawa za mashamba na vijidudu vya kipindupindu navyo havionekani hapa. Mtu akiugua baada ya kunywa, fungeni kisima, mpelekeni kwenye kituo cha afya, na maji yaende maabara.

Matokeo yaandikwe na tarehe na majina ya waliokuwepo, karatasi mbili: moja kwa chifu, moja kwa kamati ya kambi.