Kabla ya kununua 'ndege nyuki', hesabu vibali kwanza

MKULIMA au mfanyabiashara mdogo wa Nduruma, mkoani Arusha, anaweza kuona faida haraka katika ndege ndogo isiyo na rubani, maarufu kama ndege nyuki. Mmoja atataka kukagua shamba la mahindi bila kulizunguka kwa miguu. Mwingine atafikiria kupiga picha za kuziuzia kampuni za utalii, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye Mlima Meru na maziwa ya Momela, haiko mbali.

Mawazo hayo ni mazuri. Hata hivyo, swali la kwanza kwa mwenye mtaji mdogo si bei ya chombo, bali ruhusa ya kukirusha.

Sheria inasemaje?

Tangu mwaka 2018 Tanzania ina kanuni maalumu za vyombo hivi, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Chombo kinatakiwa kusajiliwa, na mwombaji hupitia pia Wizara ya Ulinzi kwa sababu za kiusalama. Wakazi wa Nduruma wakumbuke kwamba wapo kati ya uwanja wa ndege wa Arusha na ule wa KIA, hivyo anga yao ina ndege zenye abiria.

Ndani ya hifadhi kuna hatua nyingine. Kibali cha TCAA pekee hakimruhusu mtu kurusha chombo huko. Lazima apate pia ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Asiye nayo anaweza kunyang'anywa chombo na kushitakiwa, na hapo mtaji wote umepotea.

Kwa nini ukali huo?

Mvumo wa chombo huwasumbua wanyama. Heroe wa Momela wakiruka kwa hofu hupoteza muda wa kula, na ndege anayelea mayai anaweza kuyaacha. Tembo nao hukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika mipakani mwa hifadhi za Tanzania, ulionyesha kuwa askari wa wanyamapori waliofunzwa waliweza kutumia vyombo hivi kuwaondoa tembo mashambani, huenda kwa sababu mvumo wake unafanana na wa kundi la nyuki. Kwa hiyo kinachookoa mahindi ya mkulima ndicho hicho hicho kinachoweza kuwatimua tembo mbele ya watalii, au kuwaelekeza shambani kwa jirani kikiwa mikononi mwa asiyefunzwa.

Hesabu ya faida

Tuchukue mfano. Tuseme umenunua chombo kwa Sh3 milioni na kitadumu miaka mitatu. Kila mwaka kinakugharimu Sh1 milioni. Ukikitumia siku 10 tu kwa mwaka, kila siku inabeba Sh100,000, kabla ya vibali, betri na nauli. Kikitumika siku 50, gharama hiyo inashuka hadi Sh20,000.

Maana yake ni kwamba mkulima wa ekari mbili hawezi kukilipia peke yake. Kikundi cha wakulima au chama cha ushirika kinaweza, kwa kuchangia chombo kimoja, kumsomesha kijana mmoja na kulipia vibali kwa pamoja. Njia nyingine ni kumkodi mwenye vibali kwa siku mnazomhitaji.

Kwa mpiga picha, tahadhari ni moja: kabla ya kupokea kazi ya hifadhini, dai kuona ruhusa ya TANAPA, na mkubaliane kwa maandishi nani analipia. Mteja akikuambia "wewe rusha tu", jua kwamba chombo kikikamatwa getini, hasara ni yako.

Ofisi kuu ya TANAPA ipo Arusha. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko bei ya chombo.