Chumvi na Magugu katika Jaruba la Mpunga

Mkulima wa mpunga ajaye Kariakoo kutafuta pembejeo aghalabu hutumaini kuwa chupa moja ya dawa itamwondolea taklifu ya palizi; lakini ikiwa shamba lake lina chumvi, kama yalivyo mengi katika delta ya Rufiji na baadhi ya majaruba ya Ndungu wilayani Same, dawa peke yake haitamfaa, maadamu chumvi na magugu ni maadui wawili wasaidianao.

Mavuno ya mpunga huanza kushuka chumvi ya udongo ipitapo desisimensi 3 kwa mita, na kila kipimo kimoja kizidicho hapo huondoa takriban asilimia 12 ya mavuno. Madhara huwa makubwa zaidi mche ukiwa na majani mawili matatu, na tena mpunga uchanuapo. Miche ikifa au kudumaa, jua hupenya hata ardhini, na hapo ndago na nyasi zistahimilizo chumvi hutwaa nafasi ambayo mpunga wenye siha usingeziachia. Huko Rufiji watu hufyeka mikoko, wakalima misimu kadhaa kwa kutegemea mafuriko yaoshe chumvi, kisha magugu yazidipo hulihama shamba na kufyeka kwingine. Basi hasara ya magugu huwa hasara ya msitu pia.

Tadbiri ya kwanza ni maji. Jaruba lisawazishwe, kwa sababu penye kimwinuko chumvi hupanda na magugu huota. Kisha lijazwe maji matamu na kutolewa, mara kwa mara, kabla ya kupandikiza. Penye magadi, jasi itangulie kuchanganywa na udongo, nayo huchimbwa Makanya, humo humo wilayani Same. Baadaye kina cha maji cha sentimita 5 hadi 10 huzuia mbegu nyingi za magugu zisiote, mradi maji yabadilishwe, kwani yakituama jua huyakausha na chumvi ikakolea.

Ya pili ni mbegu safi, isiyochanganyika na mbegu za magugu, ya aina istahimiliyo chumvi kama SATO 1 na SATO 6, na miche iliyokwisha kukomaa siku 25 hadi 30, ipandikizwe kwa mistari ili kipalizi cha kusukuma kipite. Palizi ifanywe mapema, hasa katika siku 40 za mwanzo.

Dawa ni msaidizi wa hayo. 2,4-D huua magugu ya majani mapana na jamii ya ndago, ikaziacha nyasi. Na mpunga pori, kwa kuwa ni ndugu wa mpunga, dawa haiutofautishi nao; basi hung'olewa kabla haujapukutisha mbegu. Fauka ya hayo, mpunga uliodhoofishwa na chumvi huumia upesi kwa dawa iliyozidi kipimo.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kufungua mkoba dukani, hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, soma kibandiko chake, na uinunue tu baada ya kuliosha na kulisawazisha jaruba lako.