Kiunzi cha Seli na Hila ya Ndui

Mwezi Oktoba mwaka 1977 mpishi wa hospitali ya Merka, Ali Maow Maalin, alipanda gari ili kumwonyesha dereva njia ya kwenda kwenye kambi walikotengwa wagonjwa wa ndui. Ndani ya gari hilo walikuwamo wagonjwa wawili. Haukupita muda akashikwa na homa, kisha akatokwa na upele, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara. Alipona. Mwaka huo Somalia iliandikisha wagonjwa 3,229, na tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba maradhi hayo yamekwisha. Pwani ya Merka ndiyo hiyo hiyo inayoshuka kusini, ikapita Barawa na Kismayu, ikafika kwenye visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Kwa haki kabisa, habari ya ndui husimuliwa hapa kama ushindi wa chanjo na wa watu waliopita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wagonjwa. Lakini vita hivyo vilikuwa na uwanja mwingine, ndani ya seli za mgonjwa, nao ulianza kueleweka yapata miaka 30 baada ya Merka. Katika uwanja huo kirusi cha ndui hakikushindana na seli kwa wingi tu. Kilijiingiza katika mtambo ambao seli huutumia kuamua protini ipi iishi na ipi ife. Ninachodai katika makala haya ni kwamba sehemu ya mtambo huo inayoonekana kuwa haifanyi kitu, yaani kiunzi chake, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza, na kwamba virusi vyenyewe ni mashahidi wa jambo hilo.

Tuanze na kazi ya kawaida ya seli. Protini hazitengenezwi ili zidumu. Nyingine huhitajika kwa dakika chache tu, nyingine huharibika, nyingine huwa hatari zikikaa kupita muda wake. Seli huziondoa kwa kuzibandika alama, na alama yenyewe ni protini ndogo iitwayo ubikuitini, yenye asidi amino 76. Mnyororo wa ubikuitini ukishabandikwa, protini iliyobebeshwa hupelekwa kwenye proteasomu, ambako hukatwa vipande vipande na malighafi yake kutumika upya. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israel, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuufichua utaratibu huu. Kuna makundi matatu ya vimeng'enya vinavyopokezana kazi: la kwanza huiamsha ubikuitini, la pili huibeba, la tatu huikutanisha na protini inayotakiwa kuondolewa. Uteuzi hufanyika katika kundi la tatu, ndiyo maana kundi la kwanza lina aina mbili tu kwa binadamu, la pili zipatazo 40, na la tatu zaidi ya 600. Familia kubwa kuliko zote katika kundi hilo hujengwa juu ya protini ziitwazo kulini, na inakadiriwa kwamba karibu asilimia 20 ya protini zinazovunjwa na proteasomu hupita mikononi mwake.

Kulini yenyewe haina uwezo wa kuitambua protini ya kuondolewa, wala haibandiki alama. Ni fimbo ndefu iliyopinda kidogo. Upande mmoja imeshika protini ndogo, RBX1, ambayo humpokea mbebaji wa ubikuitini. Upande wa pili imeshika kiungo na mteuzi. Kwa kulini-1, kiungo huitwa Skp1, na wateuzi ni protini za kundi la F-box zipatazo 70, kila moja ikiwa na shabaha zake. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba hiki ni kishikio tu, na kwamba sayansi yenye maana imo katika ncha zake mbili. Pingamizi hilo lilijibiwa kwa jaribio mwaka 2002, pale Ning Zheng, Brenda Schulman na wenzao katika maabara ya Nikola Pavletich mjini New York walipochora umbo la mtambo mzima. Waliona kwamba kulini-1 hutenganisha ncha hizo kwa takriban nanomita 10, na kwamba shina lake ni gumu. Kisha wakatengeneza kulini ambayo katikati yake imetiwa kipande chenye kulegea. Kulini hiyo iliendelea kushika kila kilichopaswa kushikwa, huku na huku, lakini protini iliyolengwa, p27, haikuwekewa alama. Mlingoti wa jahazi haukamati upepo, hata hivyo ukiwa mlegevu tanga lililo zima halina kazi. Kwa hiyo kuviweka vitu viwili karibu hakutoshi. Lazima viwekwe kwa umbali na mwelekeo maalumu, na kazi hiyo ni ya kiunzi peke yake.

Msomaji makini atauliza: ikiwa shina ni gumu na ncha zake ziko mbali, ubikuitini huvukaje nafasi hiyo? Swali hili liliwasumbua watafiti kwa miaka mingi, na jibu lake linaipa hoja nguvu zaidi. Kulini nayo hubandikwa alama, protini ndogo iitwayo NEDD8 inayofanana sana na ubikuitini. Alama hii haiipeleki kulini kuvunjwa. Huiwasha. Mwaka 2020 kundi la Schulman, ambaye sasa yuko katika Taasisi ya Max Planck ya Biokemia nchini Ujerumani, lilionyesha kwa hadubini ya elektroni jinsi NEDD8 inavyoipanga upya ile ncha yenye RBX1 hadi mbebaji wa ubikuitini akaelekezwa penye shabaha. Shina hubaki gumu, ncha ndiyo inayogeuka. Kiunzi hiki, basi, kina hali mbili, ya kulala na ya kufanya kazi, nayo seli huzibadilisha kila inapohitaji. Anayekiita kishikio tu atashindwa kueleza kwa nini seli hujisumbua kukiwasha na kukizima.

Turudi kwenye ndui tukiwa na maarifa haya. Seli iliyovamiwa na kirusi hutegemea protini ya tahadhari iitwayo NF-kappaB, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za uvimbe na za kinga. Wakati wa amani protini hiyo huzuiliwa nje ya kiini na protini nyingine, mojawapo ikiwa p105. Hatari ikigunduliwa, vizuizi hivi hutiwa fosfati, mteuzi aitwaye beta-TrCP huvitambua kwa fosfati hiyo, mtambo wa kulini-1 huvibandika ubikuitini, proteasomu huvivunja, na NF-kappaB hupata njia. Tahadhari ya seli, kwa maneno mengine, haianzi kwa kutengeneza kitu kipya. Huanza kwa kuharibu kilichokuwa kinazuia. Hapo ndipo kirusi cha ndui kilipoingilia. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuzichunguza protini za kirusi hicho moja moja, kutafuta protini za binadamu zinazoshikana nazo. Walikuta kwamba protini moja ya ndui, G1R, hushika p105, na kwamba ina sehemu inayofanana na ile ya wateuzi wa F-box, inayoshikana na Skp1. Palipo na G1R, p105 haikuvunjwa na tahadhari haikusambaa. Protini za aina hiyo zimo pia katika kirusi cha mpox na cha ndui ya ng'ombe, na hiki cha pili kilipoondolewa protini hiyo kilidhoofika kilipotiwa katika panya. Lakini kirusi cha chanjo, vaksinia, kile kilichochanjwa mikononi mwa watu wa Somalia na dunia nzima, hakina protini hiyo.

Hapa panahitajika uangalifu. Kushikana na Skp1 si ushahidi kamili kwamba G1R inautumia mtambo mzima wa kulini-1. Virusi vya jamii ya ndui vina hila nyingi za kuizima NF-kappaB, na kukosekana kwa G1R pekee hakuelezi kwa nini vaksinia haiui kama ndui. Kama ndui ingekuwa shahidi pekee, ningesema kesi bado haijakamilika. Lakini wako mashahidi wasio na undugu nayo. Virusi vya Ukimwi vina protini iitwayo Vif. Seli zetu zina silaha iitwayo APOBEC3G, ambayo huharibu maandishi ya kijenetiki ya virusi hivyo. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba Vif hujifanya mteuzi, ikapanda juu ya kulini-5, na kuifanya seli iivunje silaha yake yenyewe. Watafiti walipotumia kulini-5 iliyoharibiwa, isiyoweza kushika RBX wala kupokea NEDD8, Vif ilishindwa kazi. Vivyo hivyo kirusi cha papiloma aina ya 16, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kina protini E7 inayoipeleka protini ya kudhibiti mgawanyiko wa seli, pRb, kuvunjwa kwa msaada wa kulini-2. Ndui ni kirusi cha DNA kinachozaliana nje ya kiini, VVU ni kirusi cha RNA kinachojipachika katika jeni zetu, papiloma ni kidogo mno kikilinganishwa na ndui. Hawa hawakurithiana hila. Kila mmoja aliifikia kwa njia yake, na wote walielekea kwenye viunzi vya familia moja. Ushahidi wa namna hii una uzito kuliko wingi wa majaribio yanayofanana, kwa sababu mageuzi ya viumbe yamelijaribu jambo hilo mara nyingi na kupata jibu lile lile.

Sababu yake si ngumu kuiona. Kirusi kina nafasi finyu ya kubeba jeni. Kutengeneza mtambo wake wa kuvunja protini kungekigharimu mno, na kuzima proteasomu nzima kungeiua seli inayokilisha. Kiunzi kinachokubali wateuzi wengi kinatoa njia ya tatu: leta mteuzi wa bandia, na mtambo wote wa mwenyeji unakufanyia kazi. Dawa za binadamu zimejifunza somo hilo hilo, baada ya kupita njia yenye machungu. Pevonedistat, dawa inayozuia NEDD8 na hivyo kuzilaza kulini zote kwa pamoja, ilileta matumaini katika saratani za damu, lakini katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021 haikufikia lengo lake. Talidomidi ilifuata njia nyingine bila mtu kujua. Iliuzwa kuanzia mwaka 1957 na kuondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya kuwalemaza zaidi ya watoto 10,000 tumboni mwa mama zao. Baadaye iligunduliwa kuwa inatuliza vipele vyenye maumivu vya wagonjwa wa ukoma. Mwaka 2010 tu ndipo kundi la Hiroshi Handa nchini Japani lilipoonyesha kwamba hushika sereblonia, mteuzi wa kulini-4. Ikishaishika, mteuzi hubadilisha shabaha na kuanza kuvunja protini ambazo kwa kawaida haziguswi. Ndivyo ilivyolemaza, na ndivyo ndugu zake wa leo wanavyotibu saratani ya uboho. Kukizima kiunzi chote ni njia butu. Kumwelekeza mteuzi mmoja juu yake ni njia yenye nguvu, kwa wema na kwa ubaya.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki maabara. Ndui ilitokomezwa bila mtu yeyote kujua kulini ni nini, maana kulini zilianza kutambuliwa mwaka 1996. Mtu wa Chula anayehitaji boti ya kumfikisha hospitali Kismayu ana haki ya kuuliza kiunzi cha molekuli kinamsaidia nini. Ni kweli kwamba chanjo, maji safi na muuguzi aliye karibu vinatangulia, wala asitokee mtu akaitumia sayansi ya molekuli kuwa kisingizio cha kuvichelewesha. Lakini ushindi wa mwaka 1977 ulitegemea masharti ambayo hayarudi kila mara. Ndui haikuwa na mnyama wa kuihifadhi, upele wake ulionekana na kila mtu, na chanjo yake iliyokaushwa ilistahimili joto. VVU havionekani kwa upele wala havina chanjo. Mpox ina wanyama wanaoihifadhi porini. Ilianza kuenea kwa sura mpya Kivu Kusini mwaka 2023, ikafika Burundi, Rwanda na Uganda, na Julai 2024 Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza, aliyegunduliwa mpakani Taveta. Chanjo inayotumika dhidi yake inatokana na vaksinia, nayo ni ya thamani kubwa. Hata hivyo kirusi kinachobaki porini hakitamalizwa kwa chanjo peke yake, na dawa ya kuwatibu walioambukizwa itapatikana upesi zaidi tukijua kinashika wapi ndani ya seli.

Maarifa haya si mali ya mbali tu. Sampuli za ndui kutoka Somalia za mwaka 1977 zimo miongoni mwa sampuli 45 ambazo jeni zake zilisomwa na kuchapishwa mwaka 2006, na kutokana na usomaji wa aina hiyo ndipo jeni za hila kama G1R hulinganishwa kirusi kwa kirusi. Watu wa pwani hii walitoa ushahidi kwa miili yao. Wanachodai ni haki ya kufundishwa ushahidi huo unasema nini, kwa lugha wanayoielewa, na nafasi ya kuwa miongoni mwa wanaouendeleza. Mwanafunzi wa biolojia wa Kismayu, Lamu au Mombasa hahitaji kusubiri mtambo wa mamilioni ili aanze. Jeni za virusi hivi ziko wazi kwa umma, na swali la ni protini gani nyingine za mpox zenye umbo la mteuzi, na zinaelekea kwenye kulini ipi, linaweza kuanza kushughulikiwa kwa kompyuta ya kawaida. Hilo ni swali halisi, jibu lake halijakamilika, na hakuna sababu lisijibiwe na watu ambao maradhi haya yaliwahi kuwafikia mlangoni.