Gundi Imeshika, Sawa. Lakini Ikigongwa Je?

Unajua ile stori ya raba za mtumba. Soli imeachia, unanunua kachupa ka supa glu dukani, unabana dakika mbili, kisha unavuta kwa mikono. Haiachii. Unajiambia iko fiti. Kesho yake unakimbiza matatu, unaruka mtaro, na soli inabaki nyuma ikikuangalia.

Shida ni jinsi ulivyoipima. Kuvuta polepole ni mtihani mmoja, kupigwa ghafla ni mwingine kabisa. Gundi iliyokauka ni minyororo mirefu ya molekuli. Ukiivuta taratibu, minyororo hiyo inapata muda wa kuteleza na kunyooka, mzigo unagawanyika. Ukiigonga ghafla, muda haupo, na inapasuka kama kioo. Supa glu, ambayo Harry Coover wa Kodak kule Marekani alikutana nayo mara ya kwanza mwaka wa 1942, ikikauka huwa ngumu sana. Ngumu, ndio, lakini si mvumilivu. Ndiyo maana fundi wa viatu hana habari na kachupa kako. Yeye anapaka ile gundi ya manjano ya mkebe pande zote mbili, anaiacha ikauke kidogo, halafu anagonga na nyundo. Ile hubaki kama mpira, inapinda na mguu wako.

Sasa wahandisi hupimaje? Njia moja ni nyundo inayobembea. Wanaiachilia kutoka kimo wanachokijua, inapiga kiungo kilichogundishwa na kukivunja, halafu wanaangalia imepanda hadi wapi upande wa pili. Ikipanda kidogo tu, basi kiungo kimemeza nguvu nyingi. Ikipita kama hakuna kitu, pole kwako. Njia nyingine ni ya kikatili zaidi: vibati viwili vyembamba vinagundishwa mfano wa uma wenye meno mawili, kisha kabari inasukumwa katikati kwa kasi ya mita 2 au 3 kwa sekunde. Inabandua gundi kuanzia ukingoni, na ukingoni ndiko gundi nyingi huwa dhaifu. Gundi za kuunda magari hupitia huo moto, na nyingi huwekewa chembe ndogo za mpira ndani ili ufa usikimbie.

Unaweza kujaribu nyumbani, buda. Gundisha vipande vya mbao, bana kimoja, angushia kingine jiwe la kilo 1. Likianguka mita 1, hiyo ni joule 10 hivi. Ongeza kimo mpaka kiachie. Vunja angalau vitano, kwa sababu kimoja hakikuambii kitu, na vaa miwani ya kukinga macho. Kisha angalia pale palipovunjika. Gundi ikibaki pande zote mbili, basi ni gundi yenyewe iliyopasuka. Upande mmoja ukiwa msafi kabisa, gundi haikuwahi kushika hapo: vumbi, mafuta, au hukupiga msasa.

Viatu ni aibu tu, utacheka siku moja. Kioo cha mbele cha gari ndicho noma. Kioo hicho kimeshikwa na gundi, na kwenye magari mengi, gari likigonga, mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo hicho hicho. Kikitoka, mfuko unakosa pa kujishikilia, na abiria anaweza kutoka nao. Hiyo gundi kwa kawaida hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, kwa hivyo kukiwa na baridi na ukavu huchelewa. Kuna za saa 1, kuna za siku nzima. Fundi akikuambia "endesha tu, imeshika", muombe akuonyeshe tyubu. Muda wa kusubiri huandikwa hapo au kwenye karatasi yake, na tarehe ya kuharibika pia. Ukiwa abiria wa teksi na uone kioo kimebandikwa utepe pembeni, uliza kiliwekwa lini.