Huria, Miliki na Funge: Mfumo Endeshi wa Linux katika Kompyuta za Apple

Anayenunua kompyuta hupewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo kifaa huwa mali yake. Anaweza kukiuza, kukigawa au kukirithisha. Lakini akitaka kuuondoa mfumo endeshi aliokikuta nao na kuweka mwingine, huenda akagundua kwamba kifaa ni chake ilhali maarifa ya namna kinavyofanya kazi yamebaki kwa aliyekiunda. Basi mwandishi anaposema kuwa kompyuta hiyo ina "maunzi miliki", msomaji ana haki ya kuuliza: ni miliki ya nani, na inamzuia nani kufanya nini?

Ni vyema kuanza na upande wa programu, ambako Kiswahili kina maneno matatu yasiyopaswa kuchanganywa. "Bure" huhusu bei: kitu kilichopatikana bila malipo. "Huru" huhusu hali ya kutotawaliwa au kutotegemea kingine: nchi huru, mtu huru, mofimu huru. "Huria", lenye asili moja ya Kiarabu na "huru", huhusu jambo lililo wazi kwa watu wote kwa utaratibu unaofahamika: soko huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wanafunzi wa chuo hicho hulipa ada, wala hakuna anayelalamika kwamba jina limemhadaa.

Katika Kiingereza, neno moja, free, hubeba maana ya bure na ya huru kwa pamoja. Kwa sababu hiyo Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alilazimika kufafanua tena na tena kwamba alikusudia uhuru, si bei. Kiswahili hakihitaji ufafanuzi huo, mradi mwandishi asiandike "programu ya bure" anapokusudia "programu huria".

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo umewekwa wazi, na leseni yake inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Mfano mashuhuri ni Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Haki hizo zina matunda hata katika lugha yetu. Mwaka 2004, mradi uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leseni ilikwisha kuwaruhusu watafsiri, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kumbembeleza mwenye programu.

Leseni ya Linux, hata hivyo, haivuki mpaka wa programu. Ili mfumo endeshi uamuru kioo, kibodi au spika, unahitaji kiendeshi, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa husika. Kiendeshi huandikwa kwa kufuata maelezo ya kiufundi ya kifaa hicho. Mwenye usanifu asipoyatoa maelezo hayo, mfumo endeshi huria hufika kwenye maunzi kama mgeni asiye na mkalimani.

Kisa cha kompyuta za Mac chadhihirisha jambo hili. Mnamo Novemba 2020 kampuni ya Apple ilitoa Mac za kwanza zenye prosesa yake yenyewe, M1, badala ya zile za Intel. Sehemu nyingi za prosesa hiyo, pamoja na ile inayochora picha kwenye kioo, zilikuwa za usanifu wa kampuni hiyo, na maelezo ya kuwawezesha watu wa nje kuandika viendeshi hayakutolewa. Hector Martin alianzisha mradi wa kuipeleka Linux kwenye kompyuta hizo, akauita Asahi. Neno hilo la Kijapani lina maana ya jua la asubuhi. Pia ni jina ambalo Wajapani huliita tufaha la aina ya McIntosh.

Wanamradi waliunda programu iitwayo m1n1, inayokaa kati ya maunzi na mfumo endeshi wa Apple na kunakili kila amri inayopita. Kwa kutazama amri na matokeo yake, walijifunza lugha ya maunzi kama mwanaisimu wa nyanjani anavyojifunza lugha isiyo na kamusi wala sarufi: kusikiliza, kukisia, kujaribu, kusahihisha. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka Machi 2022. Mwaka 2023 kiendeshi cha michoro, ambacho Alyssa Rosenzweig alikuwa miongoni mwa waandishi wake wakuu, kilithibitishwa rasmi kuwa kinatimiza kiwango cha kimataifa cha OpenGL ES 3.1.

Kazi hiyo yote ingekuwa bure, kwa maana ya pili ya neno hilo, yaani kazi isiyo na faida, kama Mac ingekataa kuwasha mfumo usio wa Apple. Haikatai. Mwenye kompyuta, akiwa mbele yake na kuthibitisha kwa nywila, anaweza kuiruhusu iwashe kiini alichokichagua mwenyewe. Simu ya iPhone, iliyotoka kwa kampuni hiyohiyo, haitoi ruhusa hiyo. Vyote viwili ni vya usanifu miliki. Mlango wa mmoja una kufuli, wa mwingine umeachwa wazi ila ndani hamna taa.

Hapa ndipo neno "funge" linapofaa. Wanaisimu hulitumia katika "silabi funge", ile inayoishia kwa konsonanti, kama lab katika "labda". Likitumiwa kwa vifaa, litaje kile kisichoruhusu mfumo mwingine. "Miliki" libaki kwa kile ambacho usanifu wake ni mali ya kampuni na haukutolewa kwa umma. Linganisha:

"Linux hutumika katika Mac ya M1 ingawa maunzi yake ni miliki."
"Mfumo endeshi mwingine hauwashwi katika simu hii kwa kuwa ni funge."

Kadhalika, haifai kusema kwamba kompyuta nzima imekuwa huria kwa sababu tu imewekewa Linux. Hata kwenye Asahi, prosesa ya michoro huendelea kutumia programu dhibiti ya Apple iliyo ndani yake. Kilicho huria ni mfumo endeshi. Kifaa kimebaki miliki.

Tofauti hizi zina uzito kwa mnunuzi, hasa wa kompyuta iliyokwisha kutumika. Siku mtengenezaji atakapoacha kutoa masasisho ya usalama, kifaa funge hakitakuwa na njia nyingine, ila kisicho funge kinaweza kupata mfumo endeshi huria, iwapo viendeshi vimekwisha kuandikwa. Kwa hiyo muuzaji anaposema "hii ni huria", aulizwe ni kipi hasa kilicho huria. Na anaposema "hii ni yako", aulizwe kama inafunguka.